Mnada wa Magdala

Wasikilizaji wetu, mnada tuujuao sana ni wa mbuzi na mashamba. Leo twanena juu ya mnada wa hazina ya ufalme. Mwezi wa Aprili 1868 jeshi la Waingereza liliteka Magdala, ngome ya Mfalme Tewodros wa Uhabeshi, naye akajiua. Nyara zikachukuliwa kwa tembo 15 na nyumbu karibu 200 hata uwanda wa Delanta, zikanadiwa siku mbili ili askari wagawiwe fedha. Kila mmoja alipata kama riale nne, zile zile zilizotumika Unguja zamani hizo! Richard Holmes, aliyetumwa na jumba la makumbusho la London, alijipatia vitabu kama 350 vilivyoandikwa kwa mkono. Vingi vya vitabu hivyo vingali London.