Hanang ilipata wilaya kabla ya kupata sauti

Kila uchaguzi unapokaribia, maombi ya kugawa wilaya hufufuka. Wananchi hulalamika kwamba makao makuu yako mbali, na wabunge huyafikisha malalamiko hayo Dodoma. Mengi ni ya haki. Lakini kabla hatujashangilia mipaka mipya, tuitazame Wilaya ya Hanang.

Enzi za Waingereza na miaka ya mwanzo ya uhuru, Hanang ilikuwa sehemu ya wilaya moja kubwa ya Mbulu. Humo waliishi Wairaqw wa nyanda za juu, Wabarabaig wa tambarare za Mlima Hanang, Wagorowa wa Babati na wengineo. Wala hawakuwa watu wa kuitikia tu. Katika uchaguzi wa 1960, TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Kilichobaki kilikuwa cha Mbulu. Huko Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyesimama kama mgombea binafsi, alimshinda mgombea rasmi wa chama, Amri Dodo.

Mwaka 1969 Mbulu iligawanywa, Hanang ikazaliwa, makao makuu yakiwa Babati. Miaka mitatu baadaye, 1972, serikali ilifuta halmashauri za wilaya nchi nzima chini ya mpango wa Madaraka Mikoani. Madaraka yalikwenda mikoani kweli, lakini yalikabidhiwa watumishi walioteuliwa na serikali kuu, si madiwani waliochaguliwa na wananchi.

Ni katika miaka hiyo hiyo mashamba ya ngano ya NAFCO, kwa msaada wa Kanada, yalipopanuka hadi kufikia ekari zipatazo 100,000. Sehemu kubwa ilikuwa malisho bora ya Wabarabaig. Taifa lilihitaji mkate, hilo halina ubishi. Lakini hapakuwa na diwani wa kusimama kikaoni na kuuliza ng'ombe watapelekwa wapi. Wanakijiji wa Mulbadaw walilazimika kwenda mahakamani mwaka 1981. Mahakama Kuu iliwapa ushindi, Mahakama ya Rufani ikautengua.

Halmashauri zilirudi 1984. Mwaka uliofuata Hanang nayo ikagawanywa. Babati ikawa wilaya inayojitegemea, na makao makuu ya Hanang yakahamia Katesh, chini ya mlima wenyewe. Mkazi wa Katesh hakuhitaji tena kusafiri zaidi ya kilomita 70 hadi Babati kumwona ofisa wa wilaya. Karatu nayo ilijitenga na Mbulu katika miaka ya 1990, na mwaka 2002 Mkoa wa Manyara ukamegwa kutoka Arusha.

Funzo ni nini? Ofisi ikiwa karibu, mwananchi huokoa nauli na siku zake za kazi. Faida hiyo si ndogo. Lakini Hanang ilikuwa na jina, mipaka na mkuu wa wilaya wakati malisho yalipokuwa yakilimwa, na hayo yote hayakuizuia trekta hata moja.

Kwa hiyo wanaodai wilaya mpya wasiishie kuuliza makao makuu yatajengwa wapi. Waulize pia halmashauri itapata wapi fedha zake, na kama diwani ataweza kusema hapana kuhusu ardhi ya wapiga kura wake, akasikilizwa. Wasipopata jibu, watakuwa wamesogezewa ofisi tu, huku uamuzi ukibaki mbali kama zamani.