Sheria ya vita iliyomfuata mbunge wa Kitutu Mashariki

Gavana Evelyn Baring alipotangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952, risasi za Mau Mau zilikuwa zikilia Kiambu na Nyeri, si Kisii. Hata hivyo amri zake ziliwafikia Abagusii, wenyeji wa Kisii. Chama cha KAU (Kenya African Union) kilipigwa marufuku Juni 1953, na Waafrika waliporuhusiwa tena kuunda vyama mwaka 1955, kila chama kilitakiwa kibaki ndani ya wilaya yake. Siasa za ukabila tunazozilaumu leo zilipewa leseni na serikali.

Hali ya Hatari iliondolewa Januari 1960, lakini mwaka huohuo wakoloni wakatunga Sheria ya Kulinda Usalama wa Umma. Uhuru ukaikuta, ukairithi. Kisha vikaja vita vya Shifta, waasi waliotaka kujitenga kaskazini mashariki, na mwaka 1966 Bunge likampanulia Rais uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila kesi, popote nchini. Vita vile vilitulia 1967. Uwezo haukurudishwa.

George Anyona, mbunge wa Kitutu Mashariki huko Kisii tangu 1974, hakuwa na bunduki. Alikuwa na maswali, likiwemo la zabuni ya mabehewa ya reli. Mei 1977 akatiwa kizuizini.

Ukiusoma utaratibu wenyewe utadhani uliandikwa na mtetezi wa haki. Ndani ya siku 5 aliyezuiliwa apewe sababu kwa maandishi. Ndani ya siku 14 jina lake litoke katika Gazeti Rasmi. Angalau kila miezi 6 jopo huru lipitie upya suala lake. Ila serikali haikulazimika kufuata ushauri wa jopo. Mtu angeweza kujieleza vizuri, wanajopo wakamwelewa, na bado akarudishwa seli.

Rais Moi alimwachilia Desemba 1978. Mwaka uliofuata chama tawala cha KANU kikamzuia kugombea. Mwaka 1982, yeye na makamu wa rais wa zamani Jaramogi Oginga Odinga walipotaka kuanzisha chama cha pili, akazuiliwa tena, na Juni mwaka huohuo Kenya ikafanywa nchi ya chama kimoja kisheria. Mwaka 1990 alikamatwa mara nyingine. Safari hii alifikishwa kortini kwa uchochezi, akahukumiwa miaka 7, ingawa hakuimaliza. Wapiga kura wake hawakumsahau: katika uchaguzi wa vyama vingi wa 1992, jimbo, sasa likiitwa Kitutu Masaba, lilimrejesha bungeni kwa tiketi ya Kenya Social Congress.

Mwaka 1997 Anyona alikuwa miongoni mwa wabunge wa mazungumzo ya IPPG, kundi la wabunge wa vyama mbalimbali, yaliyoondoa kifungu cha kuzuilia watu bila kesi. Wanaharakati waliotaka katiba mpya kabisa waliwalaumu wabunge hao kwa kukubali mageuzi nusunusu. Katiba hiyo ilipatikana 2010, miaka 7 baada ya Anyona kufariki katika ajali ya barabarani.