Salim, Mawla wa Abu Hudhayfa

Leo twataka kumtaja mtu ambaye wasomaji wa sira humpita upesi. Naye ni Salim, kijana wa Kiajemi ambaye asili yake ni Istakhr. Alifika Arabuni hali ya kuwa mtumwa, akaachwa huru na bibi wa Kiansari, Thubayta binti Ya'ar, mke wa Abu Hudhayfa bin Utba. Abu Hudhayfa, naye ni mwana wa bwana katika mabwana wa Kikureshi, akamtwaa kuwa mwanawe, akamwoza binti ya nduguye, na watu wakamwita Salim bin Abi Hudhayfa.

Hebu tuitazame hali yake. Asili yake ni Uajemi na jina alichukualo ni la Makureshi, katika jamii iliyompima mtu kwa nasaba kabla ya jambo jingine lolote. Kisha, yapata mwaka 5 Hijriya (627), ikashuka aya ya 5 ya Sura Al-Ahzab, ikaamrisha watoto wa kupanga waitwe kwa baba zao. Zayd akarejea kuwa Zayd bin Haritha. Salim je, arejee kwa nani, hali baba yake hajulikani? Aya yenyewe haikumwacha njiani: wa namna hiyo ni ndugu katika dini na mawla. Basi akaitwa Salim, mawla wa Abu Hudhayfa.

Wako wanaodhani kuwa hapo Uislamu ulikataza kumlea mtoto wa mwingine. La hasha! Kilichokatazwa ni kumficha mtoto asili yake. Nao wapo kwetu watoto wanaoipata habari hiyo mdomoni mwa jirani, siku ya ugomvi. Na hiyo ni dhuluma.

Kijana huyo asiye na nasaba ndiye aliyewasalisha Muhajirina pale Quba kabla Mtume (S.A.W.) hajafika Madina, kwa kuwa aliwashinda kwa kuhifadhi Qur'ani. Umar bin Khattab alisali nyuma yake.

Alikufa shahidi katika vita vya Yamama, zama za Sayyidna Abubakar, yeye na Abu Hudhayfa pamoja. Imepokewa kuwa urithi wake ulipelekwa kwa Thubayta, naye akaukataa, akisema alimwacha huru kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Ukatiwa katika Baitul Mali.