Fimbo na Jembe Katika Kaburi la Farao

Wasomaji wengi wamepata kusikia habari za Tutankhamun, Farao kijana aliyekufa yapata mwaka 1323 kabla ya Kristo, naye hajatimiza miaka 20. Kaburi lake lilivumbuliwa na Mwingereza Howard Carter mwaka 1922, katika Bonde la Wafalme, ng'ambo ya mto Nili kukabili mji wa Luxor. Watu husifu sana dhahabu yake, kwani barakoa iliyofunika uso wa maiti peke yake ina uzito wa kilo 10 na zaidi. Lakini vitu vile havikufanywa kwa kupendeza macho tu. Kila kimoja kina neno lake.

Tazama kipaji cha barakoa ile: pana tumbusi na nyoka fira. Tumbusi ni alama ya Nekhbet, mungu mke wa Misri ya kusini, na fira ni Wadjet wa kaskazini. Maana yake, nchi mbili zi chini ya mfalme mmoja. Tena, juu ya jeneza, sanamu ya mfalme imekunja mikono kifuani, imeshika mjeledi na fimbo iliyopinda kichwa, mfano wa ile ya mchungaji. Ndivyo alivyochorwa Osiris, mfalme wa wafu. Na katika maandiko yao ya picha, alama ya fimbo hiyo husomwa "kutawala". Basi kwao, kutawala ni kuchunga.

Walakini humo kaburini mlikuwamo pia sanamu ndogo 413, nyingine zimeshika majembe. Wamisri waliamini ya kuwa ahera kuna mashamba, na kila mtu ataitwa kulima, hata mfalme. Sanamu ziliwekwa ili ziitikie badala yake: 365 za wafanya kazi, moja kwa kila siku ya mwaka, wasimamizi 36, mmoja kwa kila juma lao la siku 10, na 12 kwa miezi.

Hapo pana jambo la kufikiri. Fimbo yasema, "Mimi nawachunga watu." Sanamu zasema, "Wengine watanilimia." Maneno hayo mawili yalizikwa pamoja katika kaburi moja. Mkulima maskini, aliyeilisha Misri kwa jasho lake, hakuweza kujinunulia jeshi la namna hiyo. Atazamaye dhahabu tu halioni swali hili: aliyeshika fimbo ya mchungaji, je, alikuwa tayari kushika jembe?