Pigo Moja Juu ya Uso wa Ardhi

Kitu yabisi chenye mnyumbuko ni kile ambacho kikibonyezwa hukubali, na kikiachwa hurejea umbo lake. Chuma ni hivyo, na jabali ni hivyo, ijapokuwa jicho halioni. Mzigo ukitulia juu ya uso wake, swali si gumu mno. Joseph Boussinesq wa Ufaransa alilijibu katika mwaka 1885. Lakini mzigo ukipiga na kuondoka, habari ya pigo husafiri, na hapo ndipo elimu ilipopata taabu.

Tangu zama za Siméon Denis Poisson, karibu na mwaka 1830, ilijulikana kwamba ndani ya kitu cha namna hiyo hupita mawimbi mawili. La kwanza husukuma na kuvuta kwa kufuata njia yake. La pili hutikisa kwa kukingama, nalo huchelewa. Katika mwaka ule ule wa 1885, Lord Rayleigh wa Uingereza alionyesha la tatu, litambaalo juu ya uso na kufifia kila liendapo chini. Mwendo wake ni pungufu kidogo ya ule wa la pili.

Walakini, Rayleigh hakueleza jinsi pigo lizaavyo wimbi hilo. Kazi hiyo ilifanywa na Horace Lamb, profesa wa hesabu katika Manchester, katika makala yake ya mwaka 1904. Aliwaza uwanda usio na mwisho, akaupiga pigo moja la ghafla, akafuata kwa hesabu yale yatakayomfikia mtu aliye mbali. Jawabu lilikuwa mtikiso mdogo, kisha mdogo mwingine, na mwisho mtikiso mkuu, ndio wimbi la Rayleigh. Mawimbi mawili ya kwanza hutawanya nguvu zao hata chini ardhini. La tatu halina pa kutawanyikia ila juu ya uso, basi hudumu zaidi.

Utaratibu huo ulikuwa umekwisha kuonekana. Richard Dixon Oldham, aliyechunguza tetemeko kubwa la Assam, India, la mwaka 1897, alikuwa amepambanua hatua tatu hizo katika michoro ya vyombo.

Hata hivyo, hesabu na ardhi hazikuafikiana kwa yote. Kwa Lamb mtikiso mkuu ni mfupi. Katika michoro, nchi hutikisika muda mrefu. Tofauti hiyo Lamb mwenyewe aliitaja. Katika mwaka 1911 Augustus Love alionyesha kwamba ardhi ina matabaka, na matabaka huyapa mawimbi marefu na mafupi mwendo mbalimbali, hata pigo fupi likarefuka.

Wako wasemao kwamba nadharia iliyopingana na ushahidi imeshindwa. Sikubaliani nao. Upungufu wa Lamb ulikuwa wazi na wa kupimika, ndipo ukawaelekeza waliomfuata mahali pa kutafuta. Leo wahandisi hupiga ardhi kwa nyundo na kupima mwendo wa wimbi la Rayleigh, wapate kujua ugumu wa udongo kabla ya kujenga. Swali ni lile lile la Lamb, ila limegeuzwa: yeye aliijua ardhi akatafuta mtikiso, hawa wanao mtikiso, wanaitafuta ardhi.