Laini ya dola moja na nusu: Myanmar ilivyofundishwa kuchukia

Wasee, stori ya leo iko mbali kidogo. Iko Myanmar, nchi ambayo wengi wetu huisikia tu jeshi likipindua serikali. Naileta hapa kwa sababu huko chuki ya dini ilipitia kwenye simu, simu kama hiyo umeshika sahii, na mwishowe watu zaidi ya 700,000 wakakimbia makwao.

Tuanze na laini. Miaka ya kabla ya 2014, laini ya simu Myanmar ilikuwa zaidi ya dola 100. Kampuni mpya zikaingia 2014 na bei ikaanguka hadi kama dola moja na nusu. Nchi nzima ikaingia mtandaoni karibu kwa mpigo, na kwa wengi Facebook ndiyo ilikuwa intaneti yenyewe. Sisi angalau tulipitia miaka ya kutumiwa uongo na kujifunza kuuliza, "hii umeitoa wapi?" Wao hawakupata huo muda.

Lakini Facebook haikuanzisha chuki, tusidanganyane. Wabudha ni karibu asilimia 90 ya watu huko. Waislamu ni wachache, na kati yao Warohingya wa jimbo la Rakhine waliachwa bila uraia na sheria ya 1982. Mizizi ilikuwepo. Kilichokosekana ni spika.

Spika ilimpata mwenyewe. Kuna mtawa anaitwa Wirathu, alifungwa 2003 kwa uchochezi, akaachiliwa 2012. Mahubiri yake yalikuwa mepesi kushika: Waislamu wanazaana sana, watachukua dada zenu, msinunue kwao. Aliwahi kuwafananisha na samaki wa Kiafrika wanaozaliana haraka na kulana wenyewe kwa wenyewe. (Hata samaki wetu hawakupona.) Vuguvugu alilolipigia debe, 969, lilikuwa na vibandiko vya kuweka dukani, ili mteja ajue hapa ni kwa Mbudha. Hebu fikiria kila kioski mtaani kwenu kikiandikwa dini ya mwenyewe mlangoni.

Halafu Julai 2014, mjini Mandalay, ikazuka posti kwamba Waislamu wenye duka la chai wamembaka mfanyakazi wao Mbudha. Wirathu akaisambaza, na duka likatajwa. Usiku huo umati ukatoka na silaha. Ghasia zikaendelea siku kadhaa na watu wawili wakafa, Mwislamu mmoja na Mbudha mmoja. Polisi walipochunguza, mwanamke aliyepiga ripoti akakiri kwamba hakubakwa. Watu wawili walishazikwa kwa kitu ambacho hakikutokea.

Sasa uliza, nani alikuwa anaangalia? Reuters waliripoti baadaye kwamba mapema 2015 Facebook ilikuwa na watu wawili tu wanaojua Kiburma wa kukagua posti mbaya. Wawili, manze, kwa nchi ya watu zaidi ya milioni 50. Agosti 2017 jeshi likaanza kuchoma vijiji vya Warohingya, na wale 700,000 na zaidi wakavuka kwenda Bangladesh. Novemba 2018 kampuni ikakubali kwamba haikufanya vya kutosha.

Hata ilipojaribu kuzuia, ilichekesha. Kuna neno "kalar", ambalo Waislamu na watu wenye asili ya India hutukaniwa. Facebook ikalipiga marufuku. Shida ni kwamba neno hilo limo pia ndani ya jina la aina fulani ya dengu. Mtu anaposti chakula, posti inatolewa. Mwenye chuki yeye anabuni neno lingine na maisha yanaendelea.

Kama unaona hiyo ni ujinga wa mbali, kumbuka 2022 hapa Kenya. Tume ya Uwiano na Utangamano, NCIC, ilitoa orodha ya maneno ya chuki kabla ya uchaguzi, "hatupangwingwi" likiwa ndani. Watu walicheka. Nawaelewa NCIC, "madoadoa" lilikuwa na damu ya 2007 na 2008 nyuma yake. Lakini Sheng inabadilika kila wiki. Hakuna orodha itakayoifikia. Anayejua neno jipya linamaanisha nani ni yule aliye ndani ya grupu likitumwa.

Ndiyo maana watu wawili wa stori hii nawaheshimu kuliko programu yoyote. Wa kwanza ni Nay Phone Latt, bloga aliyewahi kufungwa na jeshi. Mwaka 2014 alianzisha Panzagar, yaani maneno ya maua: vijana walijipiga picha wameshika ua mdomoni, kuonyesha kwamba wao hawatatamka chuki. Wa pili ni U Withudda, mtawa wa Kibudha kama Wirathu. Machi 2013, mji wa Meiktila ukiwaka na watu zaidi ya 40 wakiuawa, alifungua monasteri yake kwa mamia ya Waislamu. Umati ukaja mlangoni. Akakataa kuwatoa.

Angalia, aliyezuia umati wa Wabudha alikuwa Mbudha. Mwislamu angeongea nini pale, nani angemsikiza? Mimi nimelelewa kanisani, na hapa Waislamu ni kama asilimia 11. Kila kukitokea shambulio, dada mwenye buibui anaangaliwa begi kwenye matatu, na grupu zetu zinajaa vichekesho vya mabomu. Mle ndani yeye hayupo. Mimi nipo.

Na sisi tumeshalindwa hivyo. Novemba 2014, karibu na Mandera, al-Shabaab walisimamisha basi, wakawatenga wasio Waislamu, wakaua watu 28. Desemba 2015 wakasimamisha basi lingine, njia ya Mandera. Abiria Waislamu walijua kabisa kutengwa maana yake nini. Wakawapa Wakristo hijabu wajifunike, wakakataa kutenganishwa. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi hapo, na akafariki Nairobi Januari 2016.