Hadithi ndani ya hadithi: Mbinu ya kale iliyovuka karne

KITABU cha Alfu Lela Ulela, ambacho Edwin Brenn alikitafsiri kwa Kiswahili enzi za ukoloni, kimejengwa juu ya mbinu moja ya kale: hadithi moja kuu inayobeba nyingine nyingi tumboni mwake.

Mfalme Shahriyar, baada ya kusalitiwa na mkewe, huoa msichana kila usiku na kuamuru auawe asubuhi. Shahrazad, binti wa waziri, anaomba mwenyewe kuolewa. Usiku anasimulia kisa, na kunapopambazuka anakikatisha pale pale penye utamu. Mfalme, akitaka kujua mwisho, anaahirisha kifo chake kwa siku moja, kisha nyingine.

Aghalabu visa vyenyewe vinarudia biashara hiyo hiyo. Katika kisa cha mfanyabiashara na jini, wazee watatu wanasimulia yaliyowasibu, na kila mmoja analipwa theluthi ya damu ya mfanyabiashara huyo, ambaye jini alikusudia kumuua. Hapo hadithi si burudani tu, bali ni fidia ya roho.

Mbinu hiyo haikuanzia kwa Waarabu. Panchatantra ya India ilikuwa nayo zamani, na katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa aliitafsiri kwa Kiarabu, kutoka Kiajemi cha kale, kwa jina la Kalila na Dimna. Huko Italia, Boccaccio aliwaweka vijana 10 waliokimbia tauni ya mwaka 1348, wakasimuliana hadithi 100 kwa siku 10. Chaucer wa Uingereza, aliyefariki mwaka 1400, aliwatumia mahujaji wa Canterbury.

Hata hivyo, visa vya Aladini na Ali Baba, ambavyo pengine ndivyo vinavyojulikana zaidi, havimo katika hati kongwe ya Kiarabu iliyotumiwa na Mfaransa Antoine Galland, ambaye tafsiri yake ilitoka kati ya mwaka 1704 na 1717. Alisimuliwa mjini Paris mwaka 1709 na Hanna Diyab, kijana Mkristo kutoka Aleppo, Syria. Galland alimtaja katika shajara yake, lakini si katika kitabu.

Diyab naye aliandika kumbukumbu za safari yake alipokuwa mzee. Mswada wake ulikaa katika maktaba ya Vatican bila mwandishi wake kutambuliwa hadi mwaka 1993.